Nia ya Kukaa

Karibu kila muhula wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huniuliza kwa nini Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kukaa, kwa mtu aliyeketi kitini na kwa mtu anayeishi Mbarara. Huwajibu kwamba kwa msemaji wa lugha hii mambo hayo mawili hayako mbali. Mtu akishakaa kitako mahali, akapika hapo, akalala hapo, akauguza na kuzika hapo, basi hapo ndipo anapokaa. Kutokana na kitenzi hicho tumepata mkaazi, makazi, kikao na ukaazi. Tumepata pia kauli ambayo vitabu vya sarufi huipitia kwa haraka: kukalishwa. Aliyekaa amejichagulia mahali. Aliyekalishwa amechaguliwa na mwingine.

Somo hili la leo linahusu tofauti hiyo, na linahusu fomu moja ya serikali ya mbali iliyoletwa darasani kwangu ili niitafsiri.

Ninafundisha Kiswahili mjini Mbarara, na Jumamosi mbili kila mwezi hupanda taksi kwenda Nakivale. (Msomaji mgeni aelewe kwamba taksi ya Uganda ni ile gari ndogo ya abiria ambayo Kenya huitwa matatu na Tanzania daladala.) Safari hupita katikati ya migomba ya wilaya ya Isingiro, kisha lami huisha, vumbi huanza, na hatimaye ziwa huonekana. Nakivale ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na hayajafungwa tangu hapo. Sasa wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Sokoni Base Camp Msomali humuuzia Mkongo sukari kwa Kiswahili, na Mrundi hupunguza bei ya maharage kwa Kiswahili. Wanaosema kwamba lugha hii haina mwenyewe magharibi mwa Uganda hawajanunua kitu Nakivale.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuja na mama yake na mdogo wake wa kiume kutoka Kivu Kusini akiwa bado msichana. Alisomea kazi ya kuhudumia wagonjwa, akapata ajira Mbarara, akapanga chumba mjini. Jumamosi moja, wenzake walipokuwa wakifungua madaftari, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, niko na swali." (Katika mtihani andikeni "nina swali", lakini msimcheke asemaye "niko na swali", kwa maana mamilioni ya Wakongo husema hivyo na huelewana vizuri kabisa.) Akatoa karatasi. Nyumba ya kutunzia wazee katika jimbo moja la Kanada, upande wa bahari ya Atlantiki, ilikuwa tayari kumwajiri, na serikali ya jimbo hilo ilikuwa tayari kumwidhinisha apate ukaazi wa kudumu. Walichotaka ni athibitishe kwamba ana nia ya kuishi katika jimbo hilo.

Swali lake lilikuwa hili: dada yake mkubwa anaishi Alberta, ng'ambo ya pili ya nchi ileile. Kwa mwajiri ikiwa saa sita mchana, kwa dada ni saa tatu asubuhi. Akiandika ndiyo leo, kisha miaka ikapita akahamia kwa dada yake, atakuwa amesema uongo?

Tayari alikuwa ameshapewa jibu na mtu mwingine. Mwenye kibanda kimoja cha fotokopi mjini Mbarara, ambaye hujaza watu fomu kwa malipo, alimwambia aandike ndiyo bila kufikiri, maana akishashuka kwenye ndege hakuna atakayemtafuta. Jibu hilo lilimkera, na nilipenda jinsi lilivyomkera. Lakini aliongeza jambo lililolinyamazisha darasa. "Hata hapa Nakivale," alisema, "tuliandika ndiyo."

Ili kuelewa maneno hayo inafaa kujua jinsi Uganda inavyowakalisha wakimbizi. Sheria ya zamani, ya mwaka 1960, ilimtazama mkimbizi kama mgeni wa kudhibitiwa, na ilimtaka akae alipoelekezwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliiondoa ile, na dunia nzima imeisifu. Kifungu chake cha 30 kinampa mkimbizi anayetambuliwa uhuru wa kutembea nchini, kwa mipaka inayoruhusiwa kisheria, kama vile usalama wa taifa na afya ya umma. Anaruhusiwa kufanya kazi, na katika makazi hupewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Anayetaka kukaa nje ya maeneo yaliyotengwa anaweza kuomba ruhusa. Hakuna seng'enge, wala hakuna askari wa kumzuia mtu asipande taksi kwenda Mbarara.

Lakini kiwanja kiko Nakivale, msaada uko Nakivale, na jina la familia limeandikwa Nakivale. Anayehamia mjini hujitegemea. Mwaka 2018, baada ya kashfa ya takwimu kukuzwa, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR zilihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho. Hesabu ya karibu milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Asiyejitokeza alifutwa. Tangu siku hizo watu wengi wa Nakivale wameishi maisha ya sehemu mbili: jina huku, kazi kule. Siku ya kuhesabiwa ikitangazwa, mafundi cherehani, wasusi na wapishi wa Mbarara hufunga kazi na kurudi kuonyesha vidole. Wanakaa Nakivale kwa karatasi. Hiyo ndiyo "ndiyo" aliyoitaja mwanafunzi wangu, na mimi siwezi kuiita uongo. Mtu anayeambiwa kwamba chakula cha mama yake kinategemea mahali jina lake lilipo hujifunza kulitunza jina hilo mahali hapo.

Eneo hili pia lina kumbukumbu yake. Mwezi wa Oktoba 1982, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, viongozi wa maeneo na vijana wa chama tawala cha UPC walipita vijijini katika wilaya ya Mbarara, ambayo wakati huo ilijumuisha Isingiro, wakiwafukuza watu walioitwa Wanyarwanda. Baadhi yao walikuwa wakimbizi walioishi nje ya makazi. Baadhi walikuwa wazaliwa na raia wa Uganda. Ng'ombe wao walichukuliwa, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda au kukwama mpakani, na maelfu mengine wakasukumwa kuingia Nakivale na Oruchinga. Bado wako wazee wanaojua ni kilima kipi kilikuwa cha nani. Kwa hiyo mtu wa huku akiulizwa kwenye fomu ana nia ya kukaa wapi, swali halimfikii kama linavyomfikia mtu wa Toronto.

Mwaka huohuo wa 1982, mwezi wa Aprili, Kanada ilianza kutumia Mkataba wake wa Haki na Uhuru kama sehemu ya katiba. Kifungu cha 6 cha mkataba huo kinampa kila raia, na vilevile kila mkaazi wa kudumu, haki ya kuhamia jimbo lolote, kukaa humo na kutafuta riziki humo. Hapa ndipo fundo la fomu yetu linapoanza kufunguka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 majimbo ya Kanada yamekuwa yakiteua wahamiaji wenye ujuzi yanaowahitaji. (Quebec ina utaratibu wake.) Jimbo hutaka mtu wa kutunza wazee wake, si wazee wa Toronto, na ndiyo maana linauliza nia. Mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa majaribio wa kuwapitisha wakimbizi wenye ujuzi katika njia hizohizo za uhamiaji wa kazi, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo walikotoka waombaji. Lakini mteuliwa akishakuwa mkaazi wa kudumu, katiba haimfungi jimboni. Anaweza kuhama. Asichoweza ni kudanganya kuhusu nia aliyokuwa nayo alipotia sahihi: anayepatikana na kosa la kutoa maelezo ya uongo anaweza kukataliwa kuingia nchini humo kwa miaka mitano, na hata aliyekwisha kuingia anaweza kunyang'anywa hadhi yake.

Nilijaribu kulieleza jambo hili darasani, na maelezo yangu yalikuwa marefu na makavu kama mlivyoyasoma hapo juu. Aliyeniokoa ni kijana wa Kisomali anayekaa kiti cha nyuma. Akasema: kwetu huwezi kufunga Ramadhani bila nia, na nia huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Mtu akiweka nia kwa moyo safi, kisha mchana akaugua na kufungua, nia yake ya usiku haikuwa uongo. Ataulizwa kuhusu siku ile ataifidia vipi, lakini hataambiwa hakunuia. Naye aliyelala akijua kwamba saa nne asubuhi atakula, huyo hakunuia chochote, hata kama alikula daku pamoja nasi.

Wakongo wengi darasani ni Wakristo, na wote walielewa. Nikafuta ubao, nikaandika maneno matatu ambayo nawaombeni nanyi myatenganishe kila mnaposoma karatasi ya namna hii: nia, ahadi, sharti.

Nia hukaa moyoni na hupimwa kwa siku ile uliyoitamka. Ndivyo zilivyo fomu za majimbo ya Kanada. Usidhani kwamba haipimiki. Afisa hutazama dalili: umepata kazi wapi, umeulizia nyumba wapi, ndugu zako wako wapi, na je, umesema wazi kwamba wapo?

Ahadi hutazama mbele na hufunga heshima yako. Australia ina viza ya ujuzi, namba 190, ambayo mtu huipata kwa kuteuliwa na jimbo. Majimbo kwa kawaida humtaka mteuliwa aahidi kukaa na kufanya kazi humo kwa angalau miaka miwili. Viza yenyewe humpa ukaazi wa kudumu tangu mwanzo, na ahadi ile haiandikwi juu yake kama sharti. Mtu akipata shida jimboni huandikia jimbo na kuomba aachiliwe.

Sharti ni kitu kingine kabisa. Hilo limeshonwa kwenye viza. Tangu Novemba 2019 Australia ina viza namba 491, ya muda wa miaka mitano, kwa watu walioteuliwa na majimbo au kudhaminiwa na jamaa walioko mikoani. Mwenye viza hiyo sharti aishi, afanye kazi na asome katika maeneo yaliyoorodheshwa kuwa ya mikoani, yaani nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Akihamia Melbourne kwa sababu tu ana binamu huko, ameivunja viza yenyewe. Inaweza kufutwa. Akitimiza miaka mitatu pamoja na mambo mengine yanayotakiwa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Baada ya hapo anaweza kukaa Melbourne hadi achoke nayo.

Kwa maoni yangu, na mwalimu anaruhusiwa kuwa nayo, sharti la 491 ni kali lakini lina adabu. Linasema ukae wapi, kwa muda gani, na utapata nini mwishoni. Ahadi zisizo na meno hunitia wasiwasi zaidi, kwa sababu humwacha mtu mwaminifu amejifunga mwenyewe huku mjanja akicheka. Msichana mwenye dhamiri atakaa miaka miwili katika mji usio na kazi kwa sababu alitoa neno lake. Yule aliyefundishwa na mwenye kibanda atakuwa Sydney wiki ya kwanza.

Jambo lililonishika zaidi, hata hivyo, ni hesabu ya siku. Mkaazi wa kudumu wa Kanada hutakiwa awe ametimiza siku 730 nchini katika kila kipindi cha miaka mitano ili asipoteze hadhi yake, popote jimboni anapokaa. Akifikisha siku 1,095 katika miaka mitano, na kutimiza mengine, anaweza kuomba uraia. Ni wajibu, na ni mzigo kwa mwenye mama mgonjwa Afrika. Lakini kila siku anayoamka huko huingia kwenye daftari upande wake.

Sasa mtazameni mama yake. Amekaa Nakivale miaka mingi. Amelima, amechangia msiba wa majirani, amesimama kwenye foleni za uhakiki, hajawahi kukosa hata moja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 12, inampa haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini na kuishi humo tangu uhuru, lakini inawatoa wale ambao mzazi au babu yao alikuwa mkimbizi. Njia nyingine, ya kuomba uraia kwa tajnisi, hutaka miaka 20 ya kukaa nchini, nayo kwa wakimbizi imebaki nyembamba kama uzi. Wapo Nakivale watu waliozaliwa na watu waliozaliwa Nakivale. Siku zao hazijaingia katika daftari lolote. Nikiulizwa kama ni haki serikali kumwambia mgeni akae mahali fulani, hujibu kwanza kwa kuuliza: siku zake za kukaa zinahesabiwa?

Uganda ina haki ya kujitetea hapa. Nchi hii imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, ilhali nchi tajiri huchagua wachache wenye ujuzi na kuwaachia wengine wote Isingiro. Mwanafunzi wangu alisomeshwa na kufunzwa kazi hapa. Wazee atakaowalisha kwa kijiko wako ng'ambo ya bahari.

Tulikaa Jumamosi mbili juu ya jibu lake. Nilikataa kumwandikia, nilimwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, lugha anayoiwaza, kisha tutafsiri. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno makubwa kuhusu kuipenda Kanada, nchi asiyoijua. Tukayakata. Ya pili ilikuwa na sentensi sita. Alisema amekubali kazi hiyo na anaifahamu. Alisema amenuia kuishi katika jimbo hilo na kumleta mdogo wake huko sheria ikiruhusu. Alisema ana dada Alberta, ambaye atamtembelea likizoni. Mwenye kibanda aliposikia kwamba amemtaja dada alishika kichwa. Mimi naamini sentensi hiyo ndiyo inayozipa uzito nyingine tano.

Nilimwuliza faraghani kama ni kweli. Alifikiri, kisha akasema kwamba tangu atoke Kivu hajawahi kuulizwa na mtu yeyote anataka kukaa wapi, na kwamba ilimchukua siku kadhaa kujua jibu.

Ilibaki kumsomea mama, ambaye hasomi Kiingereza. Tuliketi nje ya nyumba yake, karibu na jiko, mdogo wake akimenya ndizi. Nilisoma barua yote kwa Kiswahili, polepole. Mama alisikiliza bila kukatiza. Nilipofika kwenye neno nia alitikisa kichwa kukubali, na nilipomtaja dada wa Alberta alitabasamu. Kisha akaingia ndani, akarudi na hati ya familia, ile karatasi ya usajili yenye majina ya watu wa nyumba, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Msaada hugawiwa kwa kufuata idadi ya majina hayo, na tangu mwaka 2023, WFP ilipoanza kuwapanga watu kwa makundi ya uhitaji, kila nyumba huogopa karatasi yake kuguswa.

"Mwalimu," akauliza, "huyu akienda, sisi tutaandikwa wangapi?"

"Wawili, mama."

Akaikunja karatasi, akamwambia kijana aongeze kuni.